Safari Fupi ya Kwenda Rio



Wapendwa wasomaji, baada ya swala ya Ijumaa iliyopita tuliombwa na zaidi ya mtu mmoja tueleze hukumu za msafiri, kwani likizo za shule zi karibu na watu wameanza kufunga mizigo. Tutazieleza, inshallah. Lakini tutazieleza kwa njia ya safari tunayoipanga nyumbani kwetu wenyewe, kwa kuwa fikihi huingia moyoni upesi zaidi inapokuwa na mtu na mji wake. Mji wenyewe ni Rio de Janeiro, katika pwani ya Brazili. Mtu ni dada yetu mkubwa, mkaazi wa Kibokoni, ambaye safari yake ndefu kabisa mpaka leo ni ile ya Hija.

Dada yetu ana mtoto mmoja tu wa kiume. Alikwenda baharini akiwa kijana, kama walivyokwenda wengi wa vijana wa Mji wa Kale, na meli zikamzungusha bandari hata bandari, mpaka aliposhuka Rio asipande tena. Akapata kazi ya ufundi bandarini, akaoa huko huko, na leo ana mtoto wa miaka minne ambaye nyanya yake hajamwona ila katika kioo cha simu. Mama huyu, kwa miaka mingi, ameuza mahamri na viazi karai mlangoni pake na kuweka akiba kidogo kidogo kwa nia ya umra.

Usiku mmoja baada ya Isha alikuja kibarazani kwetu, akaweka bahasha juu ya mkeka, akauliza: "Ndugu yangu, wewe ni shehe. Niambie kwa haki. Fedha hizi niende nazo Makka, au niende kwa mwanangu?"

Tulimjibu kama tunavyomjibu kila muulizaji. Hija ya faradhi ameshahiji, na umra ya faradhi aliifanya pamoja nayo. Umra nyingine ni sunna iliyo tukufu, na mwenye kuitamani hupata thawabu ya nia yake. Kuunga udugu ni wajibu, na mtoto na mjukuu ndio walio karibu kuliko jamaa wote. "Nenda kwa mwanao," tulisema.

"Basi vyema," akasema. "Wewe ndiwe mahramu wangu. Tutakwenda sote wawili."

Hapo tulinyamaza. Sababu ya kunyamaza kwetu tutaifikia mbele.

SAFARI FUPI NI SIKU NGAPI?

Sisi tuna darasa za watoto na waumini wanaotutegemea, kwa hivyo tulipanga ziara iwe fupi: kuingia Rio Jumatano na kuondoka Jumapili. Watu wa ofisi huhesabu hizo kuwa siku tano. Mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi huhesabu kwa namna nyingine, na hesabu yake ndiyo inayoamua swala.

Msafiri ambaye safari yake ni ndefu, nayo ni kiasi cha kilomita 80 na zaidi, na ambayo si safari ya maasi, ana ruhusa ya kupunguza swala za rakaa nne zikawa rakaa mbili. Adhuhuri, Alasiri na Isha hupunguzwa. Magharibi na Alfajiri hubaki kama zilivyo. Ana ruhusa pia ya kukusanya Adhuhuri na Alasiri katika wakati wa mojawapo, na Magharibi na Isha vivyo hivyo. Ruhusa hizi huanza anapovuka majengo ya mji wake, si akiwa angali sebuleni anatafuta kiatu. Akiswali nyuma ya imamu anayekamilisha, naye hukamilisha.

Anapofika aendako, huangalia nia yake. Akinuia kukaa siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia wala siku ya kutoka, huwa si msafiri tena. Amekuwa mkaazi, hukamilisha swala zake, na ruhusa imekwisha tangu alipofika. Akinuia pungufu ya hapo, hubaki katika hukumu ya msafiri. Katika mpango wetu siku kamili zilikuwa tatu: Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Kwa hivyo tungepunguza kutoka mwanzo hadi mwisho. Tuliona ni mpango mwepesi na mzuri, tukauandika katika karatasi.

KARATASI NA NJIA

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Mombasa hadi Rio. Njia iliyo karibu ni kupitia Addis Ababa hadi São Paulo, mwendo wa kiasi cha saa kumi na mbili juu ya Afrika na bahari ya Atlantiki, kisha kipande kifupi cha saa moja hivi hadi Rio. Wako wanaopitia Ghuba, na njia yao ni ndefu zaidi. Mtu mzima mwenye magoti mabovu, kama dada yetu, na apumzike njiani usiku mmoja ikiwa uwezo upo. Mwili nao una haki yake.

Mambo mawili yafanywe mapema. La kwanza ni kuuliza habari za viza katika ubalozi wa Brazili ulioko Nairobi kabla ya kulipa tiketi, wala si baada yake. La pili ni chanjo ya homa ya manjano. Brazili ni katika nchi zenye maradhi hayo, na anayerejea Kenya kutoka nchi hizo hudaiwa cheti. Cheti huanza kufanya kazi siku kumi baada ya sindano, basi asiyechanja mpaka siku ya safari amejichongea mwenyewe. Akishachanja mara moja, kinamtosha maisha.

Swala ndani ya ndege inawashughulisha wengi. Akiweza mtu kusimama na kuelekea kibla, na afanye hivyo, na wahudumu wengi hawakatai wakiombwa kwa adabu. Asipoweza, huswali kwa kadiri ya uwezo wake kwa kuheshimu wakati, kisha huirudia atakaposhuka. Na anayekwenda magharibi hulifuata jua, mchana wake ukarefuka, kwa hivyo mara nyingi Adhuhuri na Alasiri huzidiriki chini, akazikusanya kwa utulivu.

SAA NA KIBLA

Rio iko nyuma yetu kwa saa sita. Mwadhini wa Mandhry anapoadhini Magharibi, na harufu ya samaki wa kukaanga imejaa Ndia Kuu, kule jua ndio kwanza limepinduka utosini na watu wanakwenda Adhuhuri. Anayetaka kumpigia simu mtu wa huko baada ya Alfajiri yetu na akumbuke kwamba humwamsha usiku wa manane.

Julai yetu ni kipusi chao pia, nao wako mbali zaidi na mstari wa Ikweta, digrii 23 kusini, ilhali sisi tu digrii 4. Mchana wao mwezi huo ni mfupi, Magharibi huingia mapema, na usiku wahitaji shali. Si baridi ya Ulaya, lakini si joto la Mombasa.

Lililotugusa zaidi ni kibla. Sisi watu wa Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini, kwani Makka iko karibu sawa sawa juu yetu katika ramani. Anayeswali Rio huelekea mashariki, kwa kuinamia kaskazini kidogo. Mbele yake kuna bahari, na baada ya bahari kuna upana wote wa bara la Afrika, ndipo ifike Nyumba ya Mwenyezi Mungu. Tulipomweleza dada yetu jambo hili alikaa kimya, kisha akasema: "Kumbe kila akiswali, yuaelekea huku."

CHAKULA NA MANENO

Wako waliomtisha kwamba huko atakufa njaa. Sivyo. Brazili ni katika wauzaji wakubwa wa kuku wa halali duniani, na kuku wake huliwa Ghuba yote. Lakini kinachochinjwa kwa ajili ya kuuzwa nje si lazima kiwe ndicho kinachopikwa katika kila mkahawa wa mjini. Chakula chao mashuhuri, feijoada, ni maharagwe meusi yaliyopikwa na nyama ya nguruwe. Asiyejua lugha na aulize kwanza, na akiwa na shaka atosheke na samaki, mayai, wali na maharagwe yasiyo na nyama.

Na atosheke na muhogo, kwani muhogo kwao ndiko. Mti huu tunaouchoma makaa pale Lighthouse na kuupaka ndimu na pilipili, tunaoupika kwa tui la nazi siku za Ramadhani, asili yake ni Amerika ya Kusini, nao uliletwa Afrika na Wareno. Mahindi yetu pia yalivuka bahari hiyo, na papai, na pera, na korosho. Kule huukaanga unga wa muhogo wakaunyunyizia chakula, na kwa wanga wake hufanya vimkate vya jibini. Katika mji wa Salvador, kaskazini ya Rio, wanawake hukaanga barabarani bajia za kunde katika mafuta ya mawese, na samaki wao hupikwa kwa tui. Mtu wa Kibokoni hawezi kujiona mgeni kabisa mbele ya sufuria hiyo.

Lugha yao ni Kireno, na dada yetu alidhani hana hata neno moja la Kireno. Tulimwonyesha kwamba analo mezani, katika meza. Analo kitandani, katika foronya. Analo mabegani, katika leso. Bendera, limau na karata ni katika jamii hiyo hiyo. Maneno haya tuliachiwa na watu walioanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, wakati mfalme mmoja alipokuwa akitawala Ureno, Mombasa hii na Rio ile, ambayo Wareno waliiasisi mwaka 1565. Kwetu Waomani waliwatoa ngomeni mwaka 1698. Kule waliselelea, na lugha yao ikawa ndiyo lugha ya nchi.

Ya usalama ni machache. Simu isichezewe barabarani, dhahabu ibaki Mombasa, fedha ziwekwe mahali pawili, na usiku mtu asitembee asikokujua. Hayo ndiyo tunayowaambia hata wageni wetu wanaokuja hapa.

YA KUONA

Mwenye siku tatu na asijitie kuona kila kitu. Atarudi na picha, asirudi na kumbukumbu. Mbali na nyumba ya mtoto wetu, tulichagua mahali pawili tu.

Pa kwanza ni msikiti. Katika mtaa wa Tijuca uko msikiti uitwao Mesquita da Luz, maana yake Msikiti wa Nuru, na Ijumaa yetu tumeiweka hapo. Msafiri hawajibikiwi na swala ya Ijumaa, lakini kukutana na ndugu ni kheri.

Pa pili ni gati ya Valongo. Ni gati ya mawe iliyokuwa imefukiwa chini ya barabara, ikafukuliwa mwaka 2011 bandari ilipokuwa ikitengenezwa, na mwaka 2017 UNESCO ikaitia katika urithi wa dunia, kama ilivyoitia Ngome yetu mwaka 2011. Hapo, kuanzia mwaka 1811, waliteremshwa watumwa kutoka Afrika wanaokadiriwa kufika 900,000. Wengi walitoka Kongo na Angola, lakini wengi vilevile walitoka upande huu wa bahari, Msumbiji na Kilimane. Wale waliofika wakafa kabla ya kuuzwa walizikwa karibu na hapo, katika makaburi yaliyogunduliwa mwaka 1996 na watu waliokuwa wakitengeneza nyumba yao. Sisi wa pwani hii tusipite hapo kama watazamaji tu. Biashara ile ilikuwa na wauzaji pia, na baadhi yao walikuwa watu wa bandari zetu. Kisauni, ng'ambo ya kisiwa, bado ina Frere Town, iliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya walioachwa huru. Msomaji ambaye hatafika Rio anaweza kuvuka daraja la Nyali akakumbuka hayo hayo.

Na miongoni mwa waliopelekwa Brazili walikuwamo Waislamu, hasa kutoka Afrika ya Magharibi. Ndio waliosimama dhidi ya utumwa katika mji wa Salvador, Januari 1835, katika siku za mwisho za mwezi wa Ramadhani, wakashindwa na kuadhibiwa vikali. Baada ya hapo dini yao waliificha.

Mwaka 1866 merikebu za Dola ya Othmani, zilizokuwa zikizunguka Afrika kwenda Basra, zilisukumwa na dhoruba hata zikatia nanga Rio. Ndani yake alikuwamo imamu, Abdurrahman al-Baghdadi. Hakuwa amepanga kuizuru Brazili hata kwa siku moja. Watu weusi wakapanda merikebuni, wakamtolea salamu ya Kiislamu. Kwanza hakuwaelewa. Kisha akawaona wakiswali. Alipokwenda kwao alikuta mengi wameyapoteza, hata mwezi wa kufunga walikuwa wamekosea. Walimwomba abaki awasomeshe. Naye aliiacha merikebu iende zake, akabaki. Alifundisha Rio, akafundisha Bahia na Pernambuko, na aliporudi aliandika kitabu cha safari yake.

ILE SABABU

Sasa tuseme kwa nini tulinyamaza usiku ule.

Miaka sita iliyopita mpwa wetu alitupigia simu kutoka Rio. Alitaka kutuarifu kwamba amepata mchumba, mwanamke wa huko, na kwamba amesilimu. Alitaka dua yetu, kwa kuwa baba yake alikuwa amekwisha fariki na sisi ndio mjomba. Hatukumpa dua. Tulimuuliza kama wasichana wa Mombasa wamekwisha. Tulisema kwamba mwanamke wa namna ile husilimu asubuhi akaritadi jioni. Tulisema maneno mengine ambayo wino huu unaona haya kuyaandika. Yeye hakujibu kwa ubaya. Alisema, "Haya, mjomba," akakata simu. Tangu siku hiyo huzungumza na mama yake kila Ijumaa, na sisi hatuzungumzi naye.

Mtoto alipozaliwa alimpa jina la marehemu baba yetu. Habari hiyo tuliipata kwa dada, tukasema "mashallah", na simu hatukuishika.

Katika safu hii tumeandika juu ya kuunga udugu mara nyingi. Tumewafundisha wasomaji kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alieleza kuwa muungaji wa kweli si yule anayelipa wema kwa wema, bali ni yule anayekatwa naye akaunga. Katika jambo hili hata kukatwa hatukukatwa. Tuliokata ni sisi. Wahenga walisema, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe.

Tulipokuwa tukikusanya habari za makala haya ndipo ilipotujia sura ya yule imamu wa merikebu. Yeye aliwakuta watu asiowajua, wenye lugha asiyoielewa na dini iliyochanganyika, akatoa miaka ya maisha yake kwa ajili yao. Sisi tulipigiwa simu na mtoto tuliyemsomesha alifu kwa mkono wetu, tukashindwa kumpa dakika tano.

Jumanne usiku, saa ya Rio ikiwa ni mchana, tulimpigia simu mbele ya mama yake. Akaitikia salamu. Tulimwambia: "Mwanangu, tulikukosea wewe na mkeo. Twakuomba msamaha." Palikuwa na kimya kirefu, tukadhani mtandao umekatika. Kisha akasema: "Shikamoo, mjomba. Mwaja lini? Na mtakaa siku ngapi?"

Tukamweleza mpango wetu, Jumatano mpaka Jumapili, siku tatu kamili, pungufu ya nne. Dada yetu, ambaye alikuwa ameisikiliza karatasi yetu yote kwa subira, alitunyang'anya simu. "Usimsikilize mjombako," akamwambia mwanawe. Kisha akatugeukia sisi: "Mimi siendi nyumbani kwa mwanangu kuswali swala ya msafiri. Nataka kuswali rakaa nne."

Kifikihi hakuna la kumjibu. Tumebadilisha tiketi. Sasa ni siku kumi. Tutakuwa wakaazi tangu saa tutakayofika, swala ya Ijumaa ya Tijuca itatuwajibikia, na darasa za watoto zitashikwa na ustadhi mwenzetu mpaka tutakaporejea. Mpwa wetu ameagiza kitu kimoja tu: mama yake asisahau shali.

Ndugu msomaji, huenda likizo hii huna safari ya mbali. Tazama kama yuko mtu wa kumpigia simu kabla ya Ijumaa ijayo, na umpigie wewe kwanza.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa bara na wa bahari, awarejeshe makwao salama, na aunganishe nyoyo zilizofarikiana. Wabillahi tawfiq.